Kobe Kwenye Uzi wa Tanzia

Kwenye jukwaa la mafundi friji mtandaoni alijulikana kama Gesi, na jina hilo lilimganda mpaka mtaani. Hata mkewe alilitumia, hasa akiwa amekasirika. Alikuwa na karakana ya chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, mafriji mabovu yamepangwa ukutani milango wazi, kama wagonjwa wa meno wanaosubiri zamu. Mchana alitafuta mirija iliyotoboka. Jioni, akishatoa grisi mikononi, alikaa mbele ya kompyuta na kupanga vikatuni.

Msomaji asicheke. Lazima awepo mtu wa kuvipanga. Jukwaa lile lilikusanya mafundi kutoka kila upande, watu wasiowahi kuonana, wanaoulizana mambo ya kompresa na thamostati, na fundi ukimwambia kazi yake mbovu bila kuweka kasura kanakotabasamu mwishoni, umetangaza vita. Vile visura vya manjano ndivyo vilivyoshika amani. Tatizo ni kwamba kila mwanachama alipachika vyake, vikajaa ovyo: vicheko vinavyofanana kama mapacha, kikatuni kimoja kikubwa kama sahani kilichovunja ukurasa mzima, na kingine cha mtu anayecheza kilichogandisha simu za watu. Gesi alilalamika sana mpaka mwenye jukwaa akachoka. "Haya, msimamizi wa vikatuni ni wewe," akamwandikia. "Tuone." Mdomo huponza kichwa.

Kumbe kichwa kiliipenda kazi. Gesi alivifuta vilivyojirudia, akavipunguza vikubwa, akavigawa kwenye makundi: Furaha, Huzuni, Hasira, Kazi. Kasura kanakolia kwa kicheko alikakuta kwenye Huzuni, kametelekezwa huko miaka, akakarudisha kwao. Ile mikono miwili iliyounganishwa ilileta ugomvi mkubwa. Wengine walisema ni dua, wengine wakasema ni asante, mmoja akasisitiza ni mtu anayeua mbu. Gesi akaiweka kwenye Kazi, akaeleza kwamba fundi huomba Mungu kuliko anavyochomelea, na watu wakaridhika.

Halafu yalikuwepo maneno ya kuitia. Kila kikatuni kilikuwa na neno lake. Ukiliandika katikati ya nukta mbili na nukta mbili, picha inatokea yenyewe. Mafundi wakanung'unika. Nani ana muda wa kutafuta nukta mbili kwenye simu, vidole vina mafuta? Gesi alikuwa mtu wa watu, hajui kusema hapana. Akaziondoa nukta. Tangu siku hiyo ukiandika "kazi safi" tu, dole gumba linajitokeza, na sifa zote zikamwendea yeye.

Onyo lilikuja mapema. Fundi mmoja aliandika, "Legeza skrubu ya kulia," na pale kwenye neno la mwisho ikatokea sura inayobubujikwa na machozi. Jukwaa zima lilicheka siku ile. Skrubu yenye msiba! Gesi naye alicheka, akalirekebisha neno lile moja, akaenda kula. Angekaa akafikiri dakika chache kwamba maneno yetu yana tabia ya kuvaa kanzu mbili, pengine haya mengine yasingetokea. Lakini sifa zikishapanda kichwani, nani anakaa kufikiri?

Aliyemcheka zaidi siku ile alikuwa Kopa. Huyu alikuwa zaidi ya rafiki. Walijifunza ufundi kwa mwalimu mmoja, wakala matusi ya mwalimu huyo kwa pamoja, na Kopa alipooa mapema, Gesi aliyekuwa bado kapera akahamishia tumbo lake kwa mke wa rafiki. Yule mama hakuwahi kumhesabia sahani. "Shemeji, umekuja kutusalimia au umekuja kula?" alimuuliza kila mara, huku ameshampakulia. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, na Gesi alipooa, ndiye aliyesimama naye kuchagua pazia za chumba.

Kopa ndiye aliyeomba kobe. "Kaka, tuletee kobe," aliandika. "Kila mteja ananiambia friji lake linapoza pole pole. Nimechoka kuandika maelezo, nataka niweke kobe tu." Gesi akatafuta kobe mzuri: wa kijani, miwani myeusi usoni, anatikisa kichwa kama anayesikiliza muziki. Akampa neno la kuitia, "polepole". Na kwa kuwa anawajua wenzake, kwamba nusu yao huliandika kwa kuligawa, akaongeza na la pili, "pole pole". Akajiona amefikiria kila kitu. Kobe akapendwa kuliko vikatuni vyote.

Kisha mke wa Kopa akaugua. Ilianza kifua kubana, na siku alipolazwa Kopa alimpigia Gesi simu akiwa kwenye korido ya hospitali, sauti imekauka.

"Nimechelewa, kaka. Aliniambia asubuhi kifua kinambana. Nikamwambia ngoja nimalize kuchomelea hapa, nakuja. Nimemaliza jioni."

"Usijilaumu, bwana. Atapona."

"Nimekwenda pole pole, Gesi."

Hakupona. Habari zilimkuta Gesi yuko mji mwingine, kwenye kiwanda cha maziwa, chumba chao cha baridi kimekufa. Aliona tanzia jukwaani kupitia simu yake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kweli, bila kuonekana. Halafu akaandika kwenye uzi, ule mfululizo wa majibu chini ya tanzia, wa kwanza kabisa: "Pole pole ndugu yangu. Tuko pamoja." Fundi mwenzake aliyekuwa naye kiwandani alimwambia, "Nenda ukazike. Hapa nabaki mimi." Gesi akaangalia chumba, akaangalia simu. "Nimeshaandika," akasema. "Na mke wangu ataniwakilisha." Mkewe alikwenda kweli, akamwakilisha, akaulizwa na kila mtu mumewe yuko wapi.

Sasa ni vizuri ieleweke kwamba Gesi alikuwa amezima picha kwenye simu yake ili kubana bando. Yeye aliona maneno matupu. Aliporudi nyumbani na kufungua kompyuta, akitaka kuona watu wamemfarijije rafiki yake, ndipo alipoona alichokiandika. Juu kabisa, kwenye jina lake, palikuwa na kobe wa miwani myeusi anatikisa kichwa, akifuatiwa na maneno "ndugu yangu. Tuko pamoja." Chini yake kobe mwingine. Kila aliyetaka kumwambia Kopa pole mara mbili, kama watu wanavyosema moyo ukiwa mzito, bila kuweka mkato katikati, alikuwa amemletea kobe. Ukurasa mzima ulikuwa na makobe wanaotikisa vichwa juu ya jina la marehemu.

Na wangekuwa makobe tu, ingekuwa nafuu. Lakini Gesi alikuwa na yale maneno ya korido ya hospitali masikioni. Mtu amekwambia wewe peke yako kwamba anajiona alikwenda pole pole mpaka mke akamfia, nawe unakuwa wa kwanza kumpelekea kobe mbele za watu. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hili halikuwa la kompyuta. Aliyafuta maneno mawili ya kuitia, na kobe wote wakatoweka. Uzi ukarudi kuwa maneno safi, "pole pole" mstari baada ya mstari. Wanachama wawili watatu walikuwa wameuliza, "Jamani, hawa kobe vipi?" Akayafuta na maswali yao. Hakuandika samahani. Alijiambia kwamba Kopa ana msiba, hana muda wa jukwaa, pengine hakuona kitu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

"Sasa umerudi, utakwenda lini kwa Kopa?" mkewe aliuliza.

"Kesho."

Kesho hiyo ilikuwa na friji la mwenye duka la rangi. Ya pili yake ilikuwa na mvua. Nyumba ya Kopa haikuwa mbali, vituo viwili vya basi, lakini kila Gesi alipofikiria kuingia mlangoni aliona uso wa rafiki yake unamtazama na kumuuliza kuhusu kobe, naye hana jibu. Alisema atakwenda msiba ukipoa. Msiba ukapoa, akasema sasa atakwenda na sura gani, amechelewa mno. "Kawia ufike," mkewe alimwambia, na baadaye akaacha kumwambia.

Siku moja simu ikaita, jina la Kopa likawaka. Gesi aliiangalia mpaka ikanyamaza. Alikusudia kupiga baadaye, akishapanga maneno. Yeye aliyejua kupanga vikatuni vya dunia nzima hakuweza kupanga maneno matatu. Simu haikuita tena, na Kopa hakuandika tena jukwaani.

Ilipita muda mrefu. Mwenye jukwaa akaamua kuondoa wanachama waliolala, akawatumia wasimamizi majina wayapitie, na Gesi akakutana na jina la Kopa humo, tayari kufutwa. Alitakiwa kubofya tu. Alifunga kompyuta, akavaa viatu, akatoka. Mkewe hakumuuliza anakwenda wapi, alimfungulia mlango.

Nyumbani kwa Kopa akaambiwa yuko kazini, akamkuta dukani kwa mteja, amelala kifudifudi nyuma ya friji kubwa la vinywaji, miguu tu ndiyo inayoonekana. Gesi aliijua miguu ile.

"Hodi," akasema.

Kopa alitoka kinyumenyume, akajifuta vumbi, akamtazama. Alikuwa amekonda. Hakukasirika, wala hakufurahi; alimpa mkono kama anavyompa mtu yeyote.

"Gesi. Habari za siku?"

"Si nzuri, kaka. Nimekuja kwa ajili ya kobe." Akayatoa yote kwa mkupuo, akiwa amesimama pale kati ya kreti za soda: neno la kuitia, kuligawa, picha alizozima kwenye simu, na jinsi alivyofuta kila kitu kimyakimya. "Sikukucheka, Kopa. Naapa. Kwa yale uliyoniambia hospitali, nisingethubutu. Ni neno tu lilijigeuza."

Kopa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akashangaa, kwa mshangao wa kweli.

"Kobe ndiye aliyekuzuia kuja?"

Gesi akaitikia kwa kichwa.

"Wa kwanza aliniuma, sikufichi. Nikasema, hata Gesi? Wa pili nikajiuliza. Nilipofika kwa yule fundi mlokole asiyejua utani, naye kaweka kobe, nikaelewa. Kobe si nilimwomba mwenyewe? Nikacheka, bwana. Peke yangu kitandani, nimefumba mdomo watoto wasisikie. Nilikuwa sijacheka tangu tuzike." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaondoka. "Ndiyo maana nilikupigia simu siku ile. Nilitaka nikusimulie. Nikasema yupo mmoja tu duniani ninayeweza kucheka naye kitu hiki, na mama watoto angekuwepo angetucheka sote wawili. Ikaita, ikaita, basi."

"Niliiona," Gesi akasema.

"Nilijua umeiona. Kaka, kobe walifika wote. Wewe ndiye hukufika."

Alilisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuua Gesi. Angetukanwa angejitetea. Alitamani Kopa amrushie spana. Lakini Kopa alikuwa ameshayalia hayo yakaisha, bila yeye, na mahali ambapo angesimama Gesi pakaziba. Mwenye duka alipita na kreti, akawaomba wasogee, wakasogea.

"Shemeji mlimlaza wapi?" Gesi akauliza. Ndiyo kwanza aligundua kwamba hajui.

Kopa akamwelekeza. Apite soko, ashike barabara ya lami mpaka kwenye tangi la maji, akate kushoto, aulizie mlinzi. Alimwelekeza kwa utaratibu na uvumilivu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni aliyepotea, na alipomaliza akamuuliza, "Umeshika?" Gesi akaitikia ameshika. Kopa akachukua kichomeleo chake.

Kuchomelea mrija nyuma ya friji ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike na mwingine achome, kila fundi anajua. Gesi alikunja mikono ya shati, akapiga goti kwenye sakafu.

"Lete nikushikie."

"Acha tu, kaka," Kopa akasema, tayari ameshainama. "Nimezoea kushika mwenyewe."