Spika Zilizoombewa

Wageni walikuwa watano, na nyumbani kwangu kulikuwa na kiti kimoja.

Mama yangu na wanawake wanne wa kikundi chake cha kanisa walitoka Bungoma asubuhi wakaja Kitale kuniona. Ndivyo wanavyofanya: mtoto wa mwenzao akipata kazi na kupanga nyumba, wanamtembelea, wanamwombea, wanamwachia kitu. Walibeba kuku, unga, sukari na sufuria mpya zilizofungwa kwenye leso. Mama alikuwa ameniarifu mapema. Ningeweza kuazima viti kwa jirani. Sikuazima, kwa sababu viti vingenilazimu kusogeza spika.

Mimi ni karani wa ofisi ya serikali, sina mume wala mtoto, nakaa vyumba viwili karibu na msikiti. Miaka michache iliyopita bosi wangu alitualika chakula kwake. Alikuwa ameweka muziki kwenye spika mbili ndefu, na yule mwimbaji alipovuta pumzi kabla ya kuanza, niligeuka kutazama ni nani ameingia mlangoni. Sikula vizuri siku hiyo. Tangu hapo nilianza kutafuta spika za namna ile kwenye simu, ofisini na kitandani, mpaka nikampata mtu wa Nairobi aliyekuwa anauza zake pamoja na amplifaya. Nilichukua mkopo kwenye chama chetu cha akiba, nikasema ni wa ujenzi. Bei yake ilikuwa ng'ombe wawili wa maziwa, wale wazuri. Mama ana mmoja, wa kienyeji.

Spika zenyewe zinanifika kifuani. Zilipofika ndipo nilipojua kwamba pesa ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Haziwezi kuegemea ukuta, la sivyo sauti nzito inavuma kama pipa tupu. Zinataka nafasi nyuma, pembeni na katikati, na msikilizaji akae mbali nazo kiasi. Sebule yangu ina hatua chache tu. Niliuza kochi, kisha meza. Nikaning'iniza blanketi ukutani ili mwangwi upungue. Jiko la gesi nililihamishia chumba cha kulala. Baada ya yote hayo sikuweza hata kufungua sauti, kwa sababu ukuta ni mwembamba na upande wa pili kuna familia yenye mtoto mchanga, watu wapole ambao hawakuwahi kunilalamikia. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti changu kimoja nikisikiliza kwa sauti ya chini, ile ambayo redio ya kawaida ingeitoa bila shida.

Wageni walipoingia walisimama. Mmoja alitafuta kwa macho mahali pa kukaa, kisha akatandika leso yake sakafuni kana kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga. Wengine wakamfuata. Mama nilimpa kiti, akakataa, akaketi chini na wenzake. Kiti kikabaki kitupu katikati yetu.

Mwenyekiti wao aliuliza vile vitu virefu ni vya nini. Nilifungua mdomo, lakini Mama akanitangulia.

"Ni vya kanisa lao," alisema. "Vimewekwa kwake tu. Kanisa halina stoo."

Mama ni mzee wa kanisa. Sikuwa nimewahi kumsikia akidanganya, hata kwa mtoto anayelia. Alisema maneno hayo huku akiangalia sufuria alizoniletea.

Wanawake walifurahi. Jirani yetu wa Bungoma, ambaye tangu utotoni namwita mama mdogo, aligusa mbao ya spika moja kwa mgongo wa mkono, polepole, kama mtu anayepima homa. Akasema kwamba kama ni vyombo vya Mungu, basi navyo viombewe. Wakasimama wakaziwekea mikono spika zangu, na mama mdogo akaomba zitumike kwa kazi Yake popote zitakapoitwa. Niliinamisha kichwa. Mama alisema amina baada ya wote.

Miezi kadhaa baadaye, wakati wa mvua, mama mdogo alifariki ghafla. Nilikuwa nimeishi kwake muhula mzima nikiwa mdogo, Mama alipolazwa hospitali. Nilikula sahani moja na binti yake, tukalala kitanda kimoja.

Mama alinipigia simu. Alisema familia imeishiwa, hawana cha kukodi vyombo vya sauti vya mazishi, na kikundi kimekumbuka vile vya kanisa letu. Nilimuuliza kama watu watakuwa wengi. Akajua ninachofikiria.

"Ukiona haiwezekani, nitawaambia kanisa limekataa," alisema. "Nitasema mimi."

Ningemwacha adanganye mara ya pili. Kwa dakika nzima nilikuwa tayari kumwacha. Kisha nikasema nitazileta.

Nilikodi pikapu, nikazilaza spika juu ya godoro langu, nikazifunga kwa mablanketi, nami nikapanda nyuma kuzishikilia. Mazishi yalikuwa nyumbani kwake, upande wa Sirisia huko huko Bungoma, kwenye uwanja wenye nyasi ndefu, na watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Nilijua zingeshindwa. Spika za sebuleni hazina nguvu ya uwanja. Sauti hutoka ikatawanyika. Walizisimamisha juu ya meza mbili, wakaziunganisha na jenereta na maikrofoni, na waliokuwa nyuma wakaanza kusema hawasikii.

Mshereheshaji aliongeza sauti. Nikanyanyuka kumwambia apunguze, lakini binti wa marehemu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuzungumza juu ya mama yake, nikaona haya, nikaketi. Alipomaliza, kwaya ikashika wimbo, na yule bwana akazungusha kitufe mpaka mwisho. Spika ya kulia ilikwaruza, ikatoa mlio mwembamba, kisha ikabaki inavuma tu, bila maneno. Harufu ya plastiki iliyoungua ilinifikia pale nilipokaa.

Nililia. Sikujizuia hata kidogo. Nililia kwa sauti, mikono usoni, na mwanamke mmoja nyuma yangu akawaambia wenzake waniache nilie, kwani nililelewa katika boma hilo. Walinizunguka. Mmoja alinifuta kwa leso yake. Kisha binti wa marehemu akaondoka pale karibu na jeneza, akaja akanikumbatia.

"Alikuwa anakutaja sana," aliniambia sikioni.

Nami wakati huo, kidevu changu kikiwa begani mwake, nilikuwa nawaza kama kipuri cha spika ile kinapatikana Nairobi.

Baada ya kuzika, mimi na Mama tulikuwa nyuma ya jikoni tukisugua sufuria. Wengine walikuwa wamekwenda kuchota maji. Aliniuliza bila kuinua macho, "Pale ulikuwa unalilia nani?"

Ningeweza kusema mama mdogo. Asingenibishia.

"Spika," nikasema.

Aliendelea kusugua. Alisuuza sufuria, akaigeuza chini juu ili ichuruzike maji.

"Hilo baki nalo," alisema. "Watoto wake wasije wakalisikia."

Kikundi kiliposikia kwamba kifaa cha kanisa kimeharibika mazishini, walichanga. Mama aliniletea pesa hizo stendi ya Bungoma, zimefungwa kwenye kitambaa, noti ndogo ndogo zilizokunjwa na sarafu. Nilirudisha mkono nyuma. Akaniambia nikikataa watauliza sababu, naye hana jibu jingine lililobaki. Nikapokea.

Jumapili iliyofuata niliingia kanisa moja la Kitale ambalo huwa napita nje yake nikienda kazini. Kapu la sadaka lilipofika kwangu nilifungua kitambaa nikamimina zote. Mzee aliyelishika alinishukuru, akaniuliza kama ni mgeni ili wanitambulishe. Nilimwambia ninapita tu.

Spika ile niliitengenezesha kwa mshahara wangu. Inalia vizuri, siwezi kuitofautisha na mwenzake. Kikundi bado kinanisalimia kupitia Mama, na mwaka huu wamezungumzia kuja tena kunitembelea. Mama amewaambia niko na kazi nyingi. Yeye mwenyewe hajafika Kitale tangu siku ile ya maombi. Nikimwalika husema ng'ombe hana mtu wa kumkama, nami namwambia sawa, haraka kuliko inavyofaa.