Ame-pop Wapi?

Kitenzi cha Kiingereza kilichonitesa kuliko vyote nilipofika London ni pop. Shuleni Tanga tulifundishwa kwamba maana yake ni kupasuka, kama bisi kwenye sufuria. Basi siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee huku Barking, msimamizi akaniambia ni-pop koti langu mlangoni, ni-pop juu nikamwone bibi wa chumba cha mwisho, naye mwenyewe ata-pop baadaye. Nikabaki nimesimama na koti mkononi. Sikuona cha kupasuka.

Nesi Mkenya niliyepangwa naye zamu alicheka. "Dada, koti ni kuweka, juu ni kwenda mara moja, na huyo atapita tu kukuona. Utazoea."

Bibi yule tulizoeana kwa kugombana. Chai ya maziwa niliyomchemshia aliiita supu, lakini kikombe alikimaliza. Binti yake alipokuja kumchukua wakale nje, bibi aliniaga kwamba ana-pop out. Hiyo nikaielewa: anatoka, atarudi.

Wiki moja nilikuwa na mapumziko. Siku ya kurudi treni ikachelewa, nikakosa makabidhiano ya zamu. Nikakuta kitanda cha bibi kimetandikwa, dirisha wazi. Nikamwuliza mzee wa chumba cha jirani bibi yuko wapi.

"Ame-pop off," akasema, macho kwenye gazeti.

Nikafunga dirisha asije akakuta baridi. Nikaweka ndala zake za manyoya karibu na hita, nikachemsha chai. Jioni binti yake akaingia peke yake, na begi tupu.

"Mama yuko kwenye gari?" nikamwuliza. "Nikamsaidie kushuka?"

Alinitazama, kisha akazitazama ndala. Nesi, aliyekuwa nyuma yake, akanivuta pembeni. "Dada, bibi alifariki jana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaomba radhi kwa lugha zote mbili, maneno yakigongana. Binti yake aliketi kitandani, akavua viatu, akavaa zile ndala.

"Hiyo ndiyo supu?" akauliza. Nikammiminia. Alikunywa huku analia, nami sikujua nikae au nitoke.

Kesho yake mzee aliniita, akaniomba radhi kwa mzaha wake. Akanieleza kwamba neno lile lilianza kama mlio tu wa kitu kinachofyatuka. Baadaye watu wakalitumia kwa lolote la ghafla au la haraka: kwenda, kuweka, kuchungulia, hata kufa.

"Sisi pia tuna pu! na pa!" nikamwambia. "Lakini hatumziki mtu nazo."

"Nyinyi husemaje mtu akifa?"

Nikafikiri. "Tunasema ametutoka."

"Ametoka? Kwenda wapi?"

Nikajaribu kumfafanulia, nikachanganyikiwa zaidi yake.