Shaba Iliyobaki Ndani ya Dawa

Nizeyimana alianza kusuka nyaya za shaba kwenye mota za mashine za kusaga alipokuwa kijana Bukavu, na sasa ana karakana yake Kamembe. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Bintiye anayeishi Nairobi akampeleka hospitali ya huko apigwe picha ya ubongo. Kwanza angedungwa dawa yenye mionzi, ambayo ingeonyesha kama ni ugonjwa wa Parkinson.

Siku hiyo alikaa na njaa tangu alfajiri, kama alivyoagizwa. Saa tano mkemia, mwanamke aitwaye Naliaka, akatoka mwenyewe kumwona.

"Mzee, dawa ya leo nimeimwaga. Shaba ndiyo inayotusaidia kuunganisha chembe ya mionzi na dawa, kisha tunaiondoa. Leo nimepima, nikakuta imebaki nyingi kuliko inavyoruhusiwa kuingia mwilini."

"Hauwezi kuichuja tena?"

"Mionzi inapungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Haitatungoja. Tutatengeneza nyingine kesho."

Nizeyimana aliwahi kufumua mota nzima kwa ajili ya waya mmoja uliochubuka, mteja akiwa amesimama mlangoni.

"Basi nitarudi kesho," akasema. "Lakini sasa munipe chai."

Kesho yake dawa ilifaa, na picha ikathibitisha ugonjwa. Alirudi Kamembe na vidonge. Siku hizi mkewe, Speciose, ndiye anayesuka nyaya nyembamba. Nizeyimana hukaa kando akimhesabia mizunguko, na mota ikikamilika huijaribu mwenyewe kabla ya kumkabidhi mteja.