Bunduki ambayo muzungu alimuachia baba

Kwa muda murefu nilimuita muchuuzi mumoja wa Beni muuaji. Nilimuita hivyo sokoni Butembo, mbele ya watu, kwa sauti. Alikuwa Mwislamu mwenye duka na lori, na ndiye aliyeniuzia risasi nne za bunduki ya baba.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya midomo miwili, imechorwa ndege kwenye chuma. Baba alikuwa mupishi wa muzungu mwenye shamba la ngano kule Alimbongo. Uhuru ulipofika, vijana walitaka kuchoma nyumba ya muzungu. Baba akasimama mulangoni mpaka vitu vikapakiwa. Muzungu akamukabidhi bunduki: "Ilikuwa ya baba yangu. Sasa ni yako." Risasi hakumupa. Baba aliipaka mafuta kila Siku ya Mungu akitoka kanisani, lakini kuipiga hakuipiga hata mara moja.

Waasi walipokaribia, nikaenda Beni kununua zile nne. Walipoingia kwetu, baba aliwaelekezea bunduki. Akavuta. Ka. Akavuta tena. Ka. Wakacheka, wakaitupa kwenye matope, wakamuchukua. Hakurudi.

Nyumbani wote walinitazama mimi: risasi ulizonunua zilikuwa mbovu. Na mimi nikamutazama muchuuzi.

Vita ilipotulia, mama akataka bunduki, tuliyoiokota matopeni ina kutu, itengenezwe, ikae kama kumbukumbu ya mume wake. Fundi wa baiskeli aliipaka rangi nyeusi, akasema imepona. Muhunzi alitaka kuitia motoni, nikamunyang'anya. Nikiwa nayo begani, nikakutana na muchuuzi sokoni, nikaanza matusi yangu. Alingoja nimalize.

"Ndugu, umechoka? Fundi wa kweli iko Beni, kule Mavivi. Alitengenezaka bunduki za basoda wa jeshi wakati Babeleji walitutawala. Leta hiyo, na masasi yenye ilibakia. Utapanda lori yangu, bure."

Zilibaki mbili ambazo baba hakuzitia bundukini; zile zingine ziliozea matopeni. Fundi, muzee wa Kasai, hata kiti hakutupatia. Alitia risasi moja ndani ya bunduki yake, akapiga kichuguu. Kuku wa jirani wote wakatawanyika.

"Masasi iko muzima," akasema.

Muchuuzi hakunitazama. Fundi akaifungua ya baba, akatoa kale kamusumari kanakogonga tako la risasi.

"Hii hapana kutu. Angalia: kamekatwa na tupa. Na kenzake vilevile. Mutu alifanya kazi safi."

"Nani?"

"Unaniuliza mimi? Nani aliitoa mukononi mwake, na aliogopa kupigwa nayo mugongoni?"

Huyo muzungu alikula chakula cha mukono wa baba yangu miaka yote, asubuhi na jioni. Sumu hakuiogopa. Akaogopa bunduki.

"Nitatengeneza mipya," fundi akasema. "Itapiga."

"Na mimi nitengenezwe," muchuuzi akasema. "Ulinichafua sokoni, utanisafisha sokoni."

Kuomba radhi sijazoea. Lakini nilienda, nikasimama, nikasema: risasi zilikuwa nzima, muchuuzi hana kosa.

Kisha nikamupelekea mama bunduki iliyopona, nikamueleza yote. Akaisikiliza habari mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Yule muzungu? Hapana. Mutoto wangu wa kwanza alipokufa, ni yeye alitoa mbao za sanduku. Donc, ni kusema huyo muchuuzi amekununua. Ama unajitafutia njia ya kutoka kwenye kosa."

Nikamuonyesha misumari iliyokatwa. Hakuishika.

Mama alikufa akiamini ni risasi zangu.