Farasi Aliyekuwa Mke Mwenzangu

Kabla mume wangu hajafa, wanawake wa kambini walikuwa wakinitania kwamba nina mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe ni farasi. Tulikaa kwenye shamba la mkonge, mbele ya Tegeta ukielekea Bagamoyo, na mume wangu alikuwa saisi, mtu wa kumtunza farasi jike wa mzungu mwenye shamba. Alfajiri, hata chai hajanywa, ameshakwenda kumsugua mgongo. Mgongo wangu mie hakuna aliyeuulizia. Msinicheke, nilikuwa na wivu wa kweli, na siku moja nilimwambia achague. Akacheka, akaenda zake bandani.

Kichomi kilimwondoa kwa siku sita. Nikakaa eda. Nilipotoka nikaambiwa yule farasi tangu msiba hakaribiki, anauma, anapiga mateke, watu wanamrushia majani juu ya ukuta na kukimbia. Sikwenda bandani kwa kumhurumia, nisiseme uongo. Nilitaka mahali pa kulia ambapo hapana mtu wa kuniambia nyamaza, ndiyo kazi ya Mungu. Nikaingia, nikaegemea ubavu wake, nikalia. Yeye alisimama amekaza shingo, ngozi inamtetemeka. Nilipochoka kulia nikashusha pumzi ndefu, ile inayotoka yenyewe. Naye akashusha yake. Shingo ikainama, akaanza kulamba midomo. Nikakaza mabega makusudi, akainua kichwa. Nikayaachia, akakishusha. Hapo ndipo nilipoelewa mume wangu alikuwa akifanya nini alfajiri zote zile, na nikaona aibu.

Mzungu akanipa kazi ya marehemu, maana hakuna mwanamume aliyeitaka. Nikajifunza hata kumpanda, nimevaa suruali ya mume wangu na kanga juu yake. Watu wakasema nimerithi mke mwenzangu. Nikawaambia ndiyo, nimemrithi, na anakula vizuri kuliko waume zao.

Likaja Azimio, mashamba yakawa mali ya umma. Mzungu akaondoka, farasi akabaki. Katika mkutano wa kwanza wa wafanyakazi, mtu mmoja mwenye mdomo akasimama akasema farasi huyu ni kupe, anakula jasho la wengine wala hafanyi kazi. Wakapiga makofi. Nilitamani kumuuliza yeye mwenyewe anakata mkonge mizigo mingapi kwa siku, lakini meneja mpya alikuwa ameshainua mkono. Alikuwa kijana kutoka bara, mwana wa wafugaji, amenyooka kama rula. Akasema lori la shamba halina vipuri, na yeye ana eneo kubwa la kukagua. Akiweza kumpanda farasi huyu kabla mwezi haujaisha, farasi abaki. Akishindwa, bwana mifugo aje na bunduki.

Basi uhai wa mnyama wangu ukawa juu ya makalio ya meneja.

Na makalio yenyewe yalikuwa magumu! Kila akipanda anabana magoti, anavuta hatamu, anauma meno. Farasi naye anakaza mgongo, anarudi kinyumenyume mpaka kwenye mkonge. Mara mbili alimwangusha. Siku ya tatu nikamshika mkono nikamwambia, "Ndugu Meneja, wewe unaogopa, naye anakuogopa kwa kuwa unaogopa. Lazima mmoja wenu aanze kuacha."

Nilichomfundisha baada ya hapo sikukipata kwa mzungu wala kwa mume wangu. Nilikipata unyagoni. Sisi watu wa kusini mwari akichezwa ngoma, somo wake humfunda namna ya kuvuta pumzi mpaka chini ya kitovu, kulegeza taya, kuacha mabega yaanguke, kuacha kiuno kifuate ngoma badala ya kubishana nayo. Mambo yale hayasemwi mbele ya wanaume, na somo wangu angejua yalikokwenda angenilaani. Lakini sikuwa na kingine.

"Legeza kiuno," nikamwambia.

"Dada, mimi ni meneja wa shamba la umma. Siwezi kulegeza kiuno mbele ya wafanyakazi."

"Haya, kaa na kiuno chako. Nimwite bwana mifugo?"

Akashuka. Tukaanza upya, chini. Kila asubuhi nilimsimamisha kando ya farasi, kiganja ubavuni, asifanye lolote ila kuhesabu pumzi za mnyama mpaka zake ziingie humo humo. Halafu juu, bila tandiko, macho ayapeleke mbali, hatamu azishike kama ameshika kifaranga. Nilitembea pembeni nikiimba pole pole wimbo usio na maneno, naye akiuitikia, kwa kuwa mtu anayeimba hawezi kuuma meno. Wafanyakazi walikuja kutucheka. Wengine walisema mengine juu yangu na meneja, na waseme. Wiki ya tatu nilimwona farasi akishusha shingo chini yake, masikio yamelegea, akivuma puani. Meneja hakuvuta kitu. Alipotaka kugeuka kushoto alitazama kushoto tu, naye akageuka. Akaniangalia, uso umemfunguka kama mtoto, nikajikuta nalia tena, safari hii kwa furaha.

Karibu miaka miwili alikagua mkonge juu ya mgongo ule. Nilikuwa na mtu wa kuongea naye habari za farasi wangu, jambo ambalo sikuwa nalo tangu nifiwe.

Kisha akapata uhamisho. Alikuwa anapelekwa Rufiji, ndani huko, kuanzisha shamba la kijiji cha ujamaa. Akaja bandani akaniambia ameomba ruhusa ya kwenda na farasi, na amepewa.

Mie ni mtu wa kusini. Kwetu hatufugi ng'ombe, na wala si uvivu, ni mbung'o. Nzi yule akimuuma mnyama, anakonda mpaka anakufa. Pori lile analokwenda limejaa. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kusema, na lilitosha. Lakini sikulisema. Moyo ulinipaa kwa kuachwa mara ya pili, nikaropoka la kwanza lililonijia.

"Huwezi kumchukua. Kile kichaa chake kimerudi. Tangu juzi anapiga mateke, atakuua."

Alifungua mlango wa banda, akaweka kiganja ubavuni, akasubiri, akapanda bila tandiko. Farasi akashusha kichwa. Akazunguka uwanja mara moja, polepole, hatamu zimelala. Akashuka mbele yangu.

"Dada, uongo haukufai."

Ndipo nikamwambia habari za mbung'o. Nilimwambia kila kitu, nikamshika hata shati.

"Kwanza kichaa, sasa nzi," akasema. "Nimezaliwa zizini mimi. Nyie watu wa huku hamjui kufuga, basi mnasingizia nzi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonea huruma mwongo.

Ningeweza kwenda kwa bwana mifugo. Alikuwa Kunduchi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na neno lake lingesikilizwa. Sikwenda. Nilinuna. Nilijifungia ndani siku tatu, nikisema moyoni kwamba akinitaka atanifuata, ataniomba radhi, kisha nitamweleza vizuri. Siku ya nne nikasikia lori. Nilipofika barabarani nilikuta samadi na alama za magurudumu.

Nikahamia Mwananyamala kwa dada yangu, nikawa nakaanga vitumbua. Mwaka haukuwa umetimia, mchana mmoja, nikamwona meneja amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Dada yangu akamkaribisha, akakaa kwenye kigoda na kofia mapajani. Akanieleza. Farasi alianza kwa kutoa machozi machoni, kisha miguu ikavimba, mbavu zikahesabika, akawa hastahimili jua. Alikufa saa nne asubuhi, ameweka kidevu begani mwa meneja.

"Uliniambia, dada," akasema. "Uliniambia wazi, nikakudharau kwa kuwa ni mwanamke wa pwani. Nimemuua mimi."

Alilia mbele yetu, mtu mzima yule. Nilijua la kumwambia. Nilijua kwamba angenisikiliza kama nisingemdanganya kwanza, na kwamba Kunduchi ilikuwa karibu, na kwamba kosa lile tuligawana nusu kwa nusu, pengine langu zaidi. Maneno yalikuwa mdomoni.

Nikamwambia, "Pole," basi. Akanishukuru, akavaa kofia yake, akaenda na kosa lote peke yake, na mie nikamwacha aende nalo.