Kitabu cha Mpelelezi Nilichokiacha Katikati

Siku yangu ya kwanza kwenye shamba la mkonge, Nyapara Mwadime hakuniuliza kama naijua kazi. Aliniuliza jina.

"Mshai," nikasema.

"Sema kwa nguvu, mama. Mtambo una kelele kukushinda."

Wajukuu zangu, mtambo wa brashi ni pipa la chuma lenye meno, linazunguka. Unashika nyuzi za mkonge zilizokauka, unalisha ncha moja, unageuza, unalisha ya pili, mpaka ziwe laini. Ukizubaa linakuvuta pamoja na nyuzi. Kwa hivyo likizimwa lisafishwe, haliwashwi tena mpaka nyapara aite majina, na kila mmoja ajibu, "Nimetoka." Mmoja asipojibu, wote tunangoja.

Kando yangu alifanya kazi Mghoi, wa kijiji cha Mghange. Mdomo wake haukulala. "Mshai, ukilisha polepole hivyo, hizi nyuzi zitaota mizizi." Tulicheka na vumbi mdomoni.

Kisha nikahamishwa chumba cha pili, kwa bela, pale nyuzi zinakandamizwa na kufungwa. Wakati huo alikuja meneja mpya. Akamwambia Mwadime, "Kuita majina ni kupoteza wakati. Mtu mzima anajua mkono wake uko wapi."

"Ndiyo, bwana," Mwadime akajibu, na meneja akitoka tu, anaita.

Siku moja Mwadime aliugua, hakuja. Mghoi akaingia kusafisha meno ya mtambo. Mimi nilikuwa kwa bela, nikausikia mtambo ukiwaka. Sikusikia jina hata moja. Mghoi alikata roho kabla gari halijafika hospitali ya Voi.

Tulimzika kwao Mghange. Tulipika, tukaomba, tukalia, mama yake tukamshika mikono. Ofisi ikasema ni ajali, na mtambo ukaendelea. Aliyeuwasha ni nani, hakuna aliyeuliza. Nilifanya kazi hapo mpaka nikastaafu na swali hilo sijalisikia.

Sasa nakaa Voi na mjukuu wangu Wakio, anayesoma koleji. Mimi nilifika darasa la nne tu, nasoma kwa kidole, Biblia na nyimbo za kanisa. Wakio akaniletea kitabu cha hadithi.

"Nyanya, hiki ni cha upelelezi. Mtu anauawa, halafu tunamtafuta muuaji."

Sijawahi kusoma kitu kama hicho. Ukurasa wa kwanza tu, mlinzi amekufa. Nikangoja matanga. Mke wake akaja, akaulizwa alikuwa wapi, akaenda zake. Mpelelezi akaagiza kuku, akamtania msichana wa hoteli. Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa.

"Wakio, huyu mtu watamzika lini?"

"Nyanya, kitabu hiki si cha mazishi."

"Basi ni cha nini, cha kuku?"

Alicheka sana. "Vumilia. Hapo mbele kila mtu anaulizwa, mpishi, dereva, hata tajiri mwenyewe."

Nikasoma mpaka hapo. Kweli tajiri akaketishwa kwenye kiti, akaulizwa, akajibu huku anatoka jasho. Nikakifunga. Kuku ningemvumilia. Hicho kiti nilishindwa nacho.

"Nimekiacha," nikamwambia. "Mrudishie mwenyewe."

"Na mwisho hutaki kuujua? Nikuambie?"

"Usiniambie." Nikamweleza habari za Mghoi, zote, hadithi ambayo hata mama yake Wakio sikuwahi kumweleza.

Wakio akauliza, "Sasa nani aliuwasha?"

Nikamtajia waliokuwa chumba kile siku ile: Mwakisha, Kilonzo wa Maungu, Mama Righa, Samba. Watatu wa kwanza nimewazika mwenyewe, mmoja mmoja.

"Na Samba?"

"Yuko Mata, kwa mwanawe."

"Si twende, Nyanya? Tumuulize."

"Nilienda kwake Pasaka iliyopita," nikamwambia. "Samba hasikii tena, na akili imemtoka. Ukimuuliza kitu anakushika mkono, anakukaribisha chai."