Kiwanja cha Bibi

Enzi zetu hapa Kindu, nyumba ilianzia miguuni. Wenzangu mliobaki mnakumbuka: udongo mwekundu ulichimbwa karibu na mto, ukamwagiwa maji, nasi watoto tukaingia kuukanyaga mpaka ukalainika kama ugali. Tulikanyaga huku tukiimba maneno aliyotufundisha fundi Hamadi, mjenzi aliyetoka pwani: nguzo, fito, boriti, kizingiti. Jina la mti unaolala juu ya ukuta kubeba paa lilituchekesha kuliko yote: mtambaapanya. Aliyekosea kulitamka alipakwa udongo kichwani. Jioni tulioga mtoni Lualaba, kisha wali, samaki, na sombe, majani ya muhogo yaliyoiva kwa mawese. Wajukuu zangu siku hizi wakigusa tope kidogo tu, mbio nyumbani kubadili viatu.

Mimi nilikuwa hodari wa maneno yale. Bibi aliyenilea alisema Kiswahili cha hapa kwetu, Hamadi alisema cha pwani, nami nilijivunia kuvijua vyote viwili. Bibi alizoea kunitania, "Wewe mutoto, ulimi yako imeenda pwani, tumbo njo imebaki kwangu."

Mbele ya mlango wetu palikuwa na mahali palipofagiliwa hata majani hayakuthubutu kuanguka. Bibi alipaita kiwanja. Hapo alianika mpunga, hapo tulicheza, na pembeni ndipo alipozikwa babu. Siku moja Hamadi alikuja, akaketi, akasema kwa adabu, "Shikamoo, bibi. Naomba unipatie kiwanja hapa kwako."

Kwa watu wa pwani, kiwanja ni mahali pa kujenga nyumba. Bibi alidhani fundi anatafuta pa kuanikia fito zake. "Kiwanja si iko? Atumie tu," akasema, akaendelea kupepeta.

Hamadi akanigeukia. "Amekubali nijenge?"

Nilijua. Nisisingizie utoto, maana tofauti ya neno lile niliielewa vizuri. Lakini Hamadi alikuwa ameniambia kwamba nyumba yake itakuwa na baraza na mlango wa nakshi, na nilitaka sana nyumba ya namna hiyo isimame kwetu, wenzangu waione.

"Amekubali," nikajibu.

Siku ya tatu bibi alitoka na ungo wa mpunga akakuta mashimo ya nguzo.

"Hamadi, unachimba nini?"

"Nyumba, bibi. Si ulinipa mwenyewe? Mjukuu wako ni shahidi."

Bibi aliniangalia. Nikatazama miguu yangu. Miaka ile mtu wa pwani hakuambiwa arudishe alichopewa, naye bibi alilijua hilo kuliko mimi.

"Basi," akasema, "kaburi usiiguse."

Hakunipiga. Aliacha tu kunitania. Tangu siku hiyo alianika mpunga nyuma ya nyumba, kivulini, na wali wetu ukawa na harufu ya unyevu mpaka alipofariki. Nilikanyaga udongo wa nyumba ya Hamadi siku nne, wenzangu wakiimba. Mimi sikuimba. Baadaye nilisoma, nikawa mkalimani ofisini, na kila neno niliuliza mara mbili kabla ya kulivusha. Nilikuwa nimechelewa.

Vijana wa leo wanajenga kwa matofali na mabati. Kiwanja kwao ni karatasi yenye mhuri. Nikitaja mtambaapanya wanadhani mzee anatania. Nyumba zao ni imara kuliko zetu, nakubali; ila hawajui ladha ya kukanyaga udongo wa jirani na kupewa chakula kwake.

Nyumba ya Hamadi ililiwa na mchwa, mwenyewe alikwisharudi pwani. Pale mbele ya mlango pako wazi tena, kama bibi alivyopataka. Kila asubuhi napafagia mwenyewe. Jua linapapiga kutwa nzima, wala hakuna mpunga wa kuanika.